Hema Katikati ya Njia

Tumpe ana miaka sita, na meno ya mbele hana. Anakaa Tukuyu, kwenye vilima vya chai na migomba.

Jumamosi moja Tumpe aliamka kabla ya jogoo. Siku hiyo angelala nje. Nje kabisa, ndani ya hema, yeye na Baba.

Hema lenyewe Baba alilishinda kwenye bahati nasibu ya wakulima. Alitaka baiskeli. Akapewa hema. Alipofika nyumbani akasema alikuwa anataka hema tangu zamani.

Mama hakuelewa. Aliuliza kwa nini mtu mwenye nyumba, mwenye kitanda, mwenye bati juu ya kichwa, aende kulala majanini kama kobe.

Baba alisema watu wa mbali hulipa ili wafanye hivyo. Mama alisema watu wa mbali wana matatizo yao.

Kisha Mama akatoa sharti. "Jua likizama na hema halijasimama, nakuja kuwachukua. Wote wawili. Mtalala ndani."

Tumpe alilitazama jua. Bado lilikuwa juu. Alitaka sana kulala nje. Alitaka kuliko wali wa sikukuu.

Basi wakaondoka. Baba alibeba hema, jiko la mkaa, sufuria, viazi, redio, blanketi na mto wake. Tumpe alibeba chumvi.

Walipanda kilima nyuma ya nyumba. Chwa, chwa, chwa. Ukigeuka, unaliona bati la nyumba yao pale pale chini. Lakini Tumpe hakugeuka. Alikuwa safarini.

Baba akasimama. Mbele yao palikuwa mahali pazuri mno. Tambarare. Hapana jiwe. Hapana hata unyasi mmoja.

"Baba," alisema Tumpe, "mbona hapa hapana majani?"

"Najua," alisema Baba.

Hakujua.

Wewe umeshajua kwa nini pale hapana majani. Nyamaza. Usimwambie Baba.

Ndani ya mfuko wa hema mlikuwa na karatasi ya maelekezo. Ilikuwa na picha na namba. Tumpe alimpa Baba.

"Najua," alisema Baba. Akaitumia kuwashia jiko.

Hakujua.

Vikaja vigingi. Vigingi ni vile vijiti vya chuma vinavyoshika kamba za hema chini. Baba alivipiga kwa jiwe. Ko, ko, ko. Vyote vikasimama wima kama askari.

Sasa, Tumpe alikuwa na neno kuhusu vigingi. Kila asubuhi yeye ndiye anayemfunga mbuzi wao malishoni. Kigingi cha mbuzi unakilaza kidogo. Ukikisimamisha wima, mbuzi anaondoka nacho.

"Baba," alisema Tumpe, "kigingi kinalazwa."

"Najua," alisema Baba. Ko, ko, ko. Wima.

Hakujua.

Mara ya kwanza hema lilianguka. Pwaa.

Mara ya pili lilisimama, lakini mlango ulikuwa juu na Baba alikuwa ndani.

Mara ya tatu likasimama vizuri. Yaani, vizuri kiasi. Liliegemea upande mmoja kama mtu aliyechoka kusubiri basi.

Lilikuwa na milango miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Tumpe aliingia huku, akatokea kule. Akaingia kule, akatokea huku. Hajawahi kuwa na nyumba nzuri namna hii.

Viazi viliiva. Wakaingia ndani na sufuria yao, wakakaa. Tumpe akatia chumvi.

"Hodi," ilisema sauti nje.

Mtu akibisha hodi, unamwambia karibu. Jibu jingine hakuna. Hata kama nyumba yako ni ya kitambaa.

"Karibu," alisema Baba.

Akaingia Bibi Sekela, jirani yao wa kule bondeni, na kikapu cha maparachichi kichwani. Tumpe akamwamkia. Bibi akaitikia marahaba. Akauliza habari za nyumbani, za Mama na za mbuzi.

Baba akamkaribisha chakula. Huwezi kula umemkodolea mgeni macho. Bibi Sekela akachukua kiazi kimoja, kikubwa kuliko vyote.

Kisha akashukuru, akatokea mlango wa nyuma, akaendelea na safari yake.

Kikapu kilinasa kwenye paa. Kigingi kikachomoka. Hema likaanguka.

Pwaa.

Jua likashuka kidogo.

Baba alipiga vigingi upya. Ko, ko, ko. Wima.

Wakaingia ndani tena. Wakakaa tena.

"Hodi," ilisema sauti nje.

"Karibu," alisema Baba.

Akaingia Mwalimu Gwakisa na baiskeli yake. Ndiyo, na baiskeli. Kwanza gurudumu, kisha kengele, kisha Mwalimu.

Mwalimu alisema hema ni zuri. Akachukua viazi viwili, kimoja cha sasa na kimoja cha njiani. Akatokea mlango wa nyuma akisukuma baiskeli.

Usukani ulinasa kwenye kamba. Vigingi viwili vikachomoka.

Pwaa.

Jua likashuka kidogo.

Tumpe alitazama mbele ya hema. Alitazama nyuma ya hema. Huku palikuwa peupe, hapana majani. Kule palikuwa peupe, hapana majani.

"Baba," alisema Tumpe polepole, "hapa ni njia."

"Najua," alisema Baba haraka haraka.

Ndiyo kwanza amejua. Lakini alikuwa ameshasema najua mara nyingi mno, na aibu ilikuwa imemkaba. Kwa hiyo akapiga vigingi pale pale. Ko, ko, ko. Wima.

Kule chini kukasikika ngoma. Du, du, du.

"Mungu wangu," alisema Baba. "Kwaya."

Ilikuwa kwaya ya kanisani, inarudi kutoka mazoezini. Ilikuwa inaimba, na ilikuwa inakuja.

"Hodi," waliimba wote kwa pamoja, sauti ya kwanza, ya pili na besi.

Baba alifunga macho. "Karibuni," alisema.

Wakaingia mmoja mmoja wakiimba. Kila aliyepita alichukua kiazi. Wa mwisho hakukuta kiazi, akalamba chumvi. Ngoma ilikuwa pana kuliko mlango, lakini ilipita. Du, du, du. Mlango ukawa mpana kuliko ulivyokuwa.

Pwaa.

Jua sasa lilikuwa limekaribia kilima. Lilikuwa jekundu na lilikuwa na haraka. Alijua Mama yuko uani, anaangalia jua lile lile.

Baba akasimamisha hema kwa mara nyingine. Ko, ko, ko. Wima.

Safari hii hakuna aliyesema hodi.

Asali ni ng'ombe wa Bibi Sekela. Kila jioni hurudi nyumbani peke yake, kwa njia ile ile. Ng'ombe habishi hodi. Hajafundishwa.

Mmmuu, alisema Asali. Akaingia.

Baba akaruka upande huu. Tumpe akaruka upande ule. Asali akaingiza kichwa, akaingiza shingo, akaingiza tumbo. Akatoa kichwa mlango wa nyuma. Tumbo likakataa kutoka.

Asali hakujali. Aliendelea na safari yake, na hema akaondoka nalo.

Hema liliteremka kilima lenyewe. Lilikuwa na miguu minne na mkia. Nyuma yake vigingi vilirukaruka. Kili, kili, kili.

Baba akalikimbiza hema. Tumpe akamkimbiza Baba.

Bahati nzuri Asali alikuta majani mabichi, akasimama kula. Tumpe alimkuna sikio. Akamvua hema taratibu, kama unavyomvua mtoto shati. Asali akajikung'uta, akaenda kwao.

Baba aliketi chini na hema mapajani. Fito zilikuwa zimepinda kidogo. Kitambaa kilinuka ng'ombe. Jua lilikuwa limekaa juu ya kilima kabisa, linajiandaa kushuka.

Tumpe alikaa karibu naye. Machozi yalimjia, akayafuta kwa kiwiko.

"Baba," aliuliza, "unajua kusimamisha hema?"

Baba alimtazama. Alitazama hema. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sijui kabisa."

Tumpe hakuwahi kumsikia Baba akisema hivyo. Alisubiri kitu kibaya kitokee. Hakikutokea kitu. Baba alikuwa Baba yule yule, ila mabega yake yalikuwa yameshuka kidogo na uso wake umepumua.

"Mimi najua kidogo tu," alisema Tumpe. "Twende haraka."

Wakapanda upande wa juu wa njia, penye majani. Tumpe akalala chini chali.

Akabingirika. "Hapa hapana," alisema. "Tutabingirika mpaka kwa Bibi Sekela."

Akalala pengine. Jiwe likamchoma mgongo. "Hapa pia hapana."

Akalala pengine tena. Hakubingirika. Hakuchomwa. Hata miguu yake ilitaka kusinzia.

"Hapa, Baba."

Baba hakusema anajua. Baba alisema, "Haya."

Walinyoosha fito. Walitandaza kitambaa. Baba alishika, Tumpe akavuta. Tumpe alishika, Baba akavuta.

Kisha vigingi. Tumpe alikilaza kimoja, kichwa chake kikawa mbali na hema. Baba akakipiga kwa jiwe. Ko, ko, ko.

Cha pili. Ko, ko, ko. Cha tatu. Ko, ko, ko.

Jua lilibaki nusu. Likabaki robo. Likabaki kama ukucha wa dole gumba.

Cha mwisho. Ko, ko.

Ko.

Jua likazama.

Chwa, chwa, chwa. Mtu alikuwa anapanda kilima. Alikuwa na tochi mkono mmoja na sufuria mkono mwingine.

Mama alilizunguka hema lote. Alimulika mlango wa mbele. Alimulika mlango wa nyuma, uliochanwa na ngoma.

Kisha akaweka sufuria chini, akashika kamba, akaivuta. Kigingi hakikutoka. Akaivuta tena, kwa nguvu zile za kuchota maji. Hema halikutikisika.

Tumpe aliacha kupumua.

"Limesimama," alisema Mama. Akainama, akatazama chini. "Na nani amelaza vigingi hivi?"

Baba alikohoa. Akafungua mdomo. Tumpe aliuangalia ule mdomo. Alidhani anajua kitakachotoka.

"Tumpe," alisema Baba. "Alinifundisha mapema, mimi nikajifanya najua. Kumbe yeye ndiye anayejua."

Tumpe alifurahi sana. Alisimama tu, anacheka kwa ufizi.

Mama alifunua sufuria. Mlikuwa na makande ya moto. Alijua viazi vimekwisha. Uani kwao kilima kile chote kinaonekana, na Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda tangu mchana. Alimwona Bibi Sekela. Aliiona baiskeli. Aliiona kwaya.

"Na hema likitembea, uliliona?" aliuliza Baba kwa sauti ndogo.

Mama alijaribu kujibu. Akashindwa. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Baba naye akaanza. Tumpe naye. Walicheka wote watatu, na makande yakasubiri.

Walipomaliza kula, walimtakia Mama usiku mwema. Tumpe alimshikia tochi.

Mama alitazama njia ya kurudi nyumbani. Akatazama hema. Akasema upepo wa leo ni mzuri. Akasema nyumba tupu inachosha. Akasema mambo mengine mengi, na huku anasema, alikuwa anavua viatu.

Hema lilikuwa la watu wawili. Mama alilala katikati na akavuta blanketi lote. Baba alipata mto wake. Tumpe alipata mkono wa Mama upande mmoja, na majani yanayonukia upande mwingine, nyuma ya kitambaa tu.

Chirr, chirr, walisema wadudu wa nje.

Tumpe alitaka kukaa macho ili aone jinsi kulala nje kunavyokuwa. Akahesabu pumzi za Baba. Moja. Mbili.

Ya tatu hakuisikia.

Hadithi imejifunika. Na wewe jifunike.