Kaniki Chini ya Usukani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Milembe alilifuta vumbi gari la mama yake. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu mama, Mektilda, aliponunua gari hilo kuukuu la rangi ya majivu kwa dalali mmoja, ili asombe magunia ya mpunga kutoka Busega hadi sokoni Bariadi.

Kwa nje lilikuwa gari kama magari mengine. Ndani lilikuwa na vitu ambavyo Milembe hakuwahi kuviona kwingine. Juu ya usukani palikuwa na kirungu kidogo cha mbao, kinachong'aa kwa kushikwashikwa, kana kwamba mwenyewe alikuwa amekiachia sasa hivi. Chini ya usukani ilitokeza fimbo ya chuma iliyopinda kama mpini wa plau. Ilishuka hadi kwenye pedali ya breki, na pale ilipoungana nayo ilikuwa imefungwa kipande cha kaniki, kitambaa cheusi ambacho waganga hupenda kukivaa.

"Dalali kaniambia ni kifaa cha kuzuia wizi," mama alisema alipoulizwa. "Usikiguse."

Jumamosi moja mchana, Milembe alipanda kwenye kiti cha dereva, akakunja miguu na kuanza kusugua kioo kwa ndani. Kiwiko chake kiliigusa ile fimbo. Akasikia chini yake mlio mwembamba, kama mtu anayeshusha pumzi. Alipotazama, pedali ya breki ilikuwa ikizama polepole, kama iliyokanyagwa na mtu asiye na haraka. Hapakuwa na mguu. Taa za nyuma ziliwaka, na ukuta wa jiko nyuma ya gari ukawa mwekundu. Alipoinua kiwiko, pedali ikapanda na ukuta ukarudia weupe wake.

Aliteremka, akaufunga mlango taratibu, mithili ya mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Jumatatu alimweleza Jenipha, rafiki yake wa darasa la sita, walipokuwa wakinawa bombani.

"Kaniki?" Jenipha alinong'ona, ingawa walikuwa peke yao. "Hicho si kifaa cha wizi, wewe. Mwenye gari alikufa, wakamfunga humo. Bado anaendesha."

"Acha uongo."

"Haya, mimi mwongo. Si wewe uliyeuona mguu?"

"Sikuuona mguu. Ndiyo maana naogopa."

Jenipha alifikiri, kisha akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Mzimu hukaa palipofungwa. Fungua, ataondoka. Ila usimwambie mtu."

Tangu hapo Milembe hakuwa na raha ndani ya gari lile. Mama aliposhika breki, yeye alikodolea macho miguu ya mama na kujiuliza iwapo mguu wa tatu ulikuwa umetangulia. Hata kirungu cha usukani kilimtazama. Jumatano, baada ya masomo, alichukua wembe, akakikata kile kitambaa. Ndani yake alikuta pini nene ya chuma. Akaichomoa, akaitupa pamoja na kaniki katika shimo la choo. Kisha akairudia fimbo na kuigusa kwa kidole. Pedali haikutikisika.

"Ameondoka," alijiambia. Usiku huo alilala.

Ijumaa jioni mama alirudi na jasho usoni.

"Breki imenigomea njiani," alisema. "Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Nimekanyaga, haishuki. Nimekanyaga tena, ndipo ikashuka. Mungu tu, mwanangu."

Amerudi, na amekasirika, Milembe alifikiri. Hata hivyo, mama alipoingia ndani, alijikaza akaenda kuchungulia. Fimbo ya chuma haikushikwa tena na kitu. Ncha yake ya chini ilikuwa ikining'inia na kuyumba, na ilipotulia, ilitulia nyuma ya pedali, ikiizuia kushuka. Akaikumbuka ile pini aliyoichomoa. Aliyekuwa akiizuia breki alikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa Milembe.

Hakusema. Alijidanganya kwamba kesho mama angepumzika.

Alfajiri ya Jumamosi alizinduliwa na mlio wa injini. Mama alikuwa ameongeza mafuta ya breki, akaamini tatizo limekwisha. Mayige, mdogo wake Milembe wa miaka minne, alikuwa amekaa mbele akichezea dirisha. Walikuwa wanakwenda Lamadi. Milembe alitoka mbio pekupeku, akasimama mbele ya gari.

"Mama, zima! Zima gari!"

"Una nini wewe? Toka hapo, nachelewa."

"Breki nimeiharibu mimi."

Mama alizima. Kabla ya kuuliza lolote, alimteremsha Mayige. Kisha akamgeukia binti yake. "Sema yote," alisema. "Usipunguze."

Milembe alisema yote.

Fundi Luhende, jirani yao, aliitwa. Alilala kifudifudi ndani ya gari akiwa na tochi, akaivuta fimbo, akatoka akitikisa kichwa.

"Mama Milembe, humu hamna mzimu. Hiki chuma ni cha mtu asiye na nguvu za miguu. Anasukuma kwa mkono, breki inashuka. Kirungu hiki ni cha kuzungushia usukani kwa mkono mmoja. Ona na matundu haya: palikuwa na fimbo nyingine ya kuongezea mwendo, ikatolewa. Hii iliyobaki huenda iliwashinda waliotoa ile."

Kadi ya gari ilikuwa na jina la mmiliki wa zamani, Kashindye wa Nyalikungu, Maswa. Luhende alimfahamu: mwalimu mstaafu. Akampigia simu na kuiweka sauti ya juu. Milembe alisogea karibu. Mwenye mguu usioonekana alikuwa anaongea.

"Mwangaluka," sauti ya mzee ilisalimu.

"Mwangaluka, mwalimu," mama aliitika, akamweleza kuhusu ile fimbo iliyomtisha binti yake.

"Ndiyo, gari hilo nimeliendesha miaka kumi na moja. Polio ilinilemaza miguu nikiwa mdogo kuliko huyo binti yako. Macho yalipodhoofika, nikaliuza. Nilimwambia dalali afungue vyuma vyote na amweleze mnunuzi. Kumbe alinyamaza."

"Na kaniki, babu?" Milembe aliuliza.

Mzee alicheka kidogo. "Pini ilikuwa inapiga kelele kwenye barabara mbovu. Marehemu mke wangu, Justina, akachana kaniki yake ya shambani, akaifunga pale. Ikanyamaza kabisa. Bado ipo?"

Mama alimtazama Milembe, wala hakumsaidia. Ilikuwa rahisi kusema ipo. Mzee asingeona.

"Haipo, babu. Niliikata mimi Jumatano, nikaitupa chooni pamoja na pini. Nilidhani ni uchawi, na sikusema hadi leo, mama alipotaka kusafiri na breki mbovu. Nisamehe."

Luhende akaisogeza simu karibu na Milembe.

"Nimekusamehe, ng'wanone, mwanangu," mzee alisema. "Nimefundisha miaka thelathini. Mtoto aliyekosa kwa kutojua, nilimfundisha. Aliyekosa kisha akaficha, huyo nilimhofia, kwa kuwa kosa lililofichwa halilali. Huendelea kufanya kazi mpaka limpate mtu. Ulipoogopa, ungeuliza. Ulipokosea, ungesema siku ileile. Umechelewa siku tatu, lakini umeiwahi ajali. Mara nyingine usichelewe."

"Nami nimejifunza," mama aliongeza. "Niliambiwa ni kifaa cha wizi, nikaridhika bila kuuliza. Tulikuwa wawili tulionyamaza."

Luhende alianza kuifungua fimbo. Mama alimpa Milembe spana aishike, kisha akasema, "Jumatatu utamweleza Jenipha ukweli wote, pamoja na habari za chooni. Usipunguze."

"Sitapunguza, mama," Milembe alijibu.