Kilo Sitini na Nne

Vuuu.

Mlio mmoja tu, kisha kimya.

Winfrida aliinua kichwa mezani. Alikuwa amebaki peke yake karakanani, katika ghala la zamani la karanga mjini Nachingwea, akimalizia vipimo. Guta la umeme, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo, lilikuwa juu ya rola za majaribio, limefungwa kwa minyororo miwili. Betri zake zilikuwa sakafuni. Mota isiyo na betri hailii.

Alitazama kioo cha vipimo. Uzito kitini: kilo 64.

Kiti kilikuwa kitupu.

Asubuhi alimsimulia Moza, dereva mpya wa majaribio. Moza alicheka.

"Injinia, lala. Utaanza kumwona na bosi kakaa pale."

"Kesho tusiende mteremko wa Matambarale, Moza."

"Aa, dada! Kwetu Mtua nzima wanajua kesho nashuka ule mteremko na magunia ya korosho. Nirudi niwaambie nini?"

Miezi mitano nyuma, kwenye mteremko uleule, mota hii ilisukuma guta badala ya kulizuia, na dereva aliyekuwa akilijaribu akafa. Ripoti ya Winfrida ilisema guta lilishuka lenyewe, bila dereva, likamgonga mpita njia asiyejulikana. Ukweli ungemfukuzisha kazi, pengine ungemfunga. Marehemu alitoka ng'ambo ya mto Ruvuma, hakuwa na ndugu huku. Akazikwa Ruangwa, katika kaburi bila jina. Mota haikubadilishwa.

Mchana rola zilizunguka zenyewe mara mbili. Harufu ya jasho na udongo mbichi ikajaa karakana, na sasa Moza hakucheka. Jioni alirudi na shangazi yake, Bi Zuleha, mganga wa majini.

"Shangazi, usimfukize sana injinia," Moza alinong'ona, akijikaza kutania. "Padri wake atauliza."

"Nyamaza wewe." Bi Zuleha alitia ubani kwenye makaa, akakielekea kiti. "Uliyekaa hapo, jina lako nani?"

Akauliza tena, na tena.

"Jini hujitaja, hata kwa matusi," alisema polepole. "Huyu si jini. Huyu ni mtu, na jina lake mmelificha." Akageuka. "Injinia, nani alikufa kwenye guta hili?"

"Hakuna."

"Basi mimi nakaa," alisema Moza, "tuone kama atanitupa."

"Moza, usi..."

Alikuwa ameshakaa. Kioo kikaruka hadi kilo 116, na Moza alikuwa na 52 tu.

Mkanda wa kiti ukajifunga, ukambana kifuani, na mota iliyotenganishwa na betri ikaanza kunguruma, kwanza kwa chini kama mtu anayesafisha koo, kisha kwa juu, kwa juu zaidi, rola zikizunguka hadi mabati ya paa yakatetemeka, na Winfrida akakimbilia swichi ya dharura akaibonyeza, akaibonyeza tena, akaipiga kwa ngumi, na hakuna kilichozimika, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuzima, na mnyororo wa kwanza ukakatika ukapiga sakafu, na guta likajivuta upande, pua yake ikiukabili ukuta wa mawe hatua sita mbele, na Moza akipapasa mkanda usiofunguka, akilia, "Dada, nitoe! Dada Winfrida, nitoe!"

"Mtaje!" alipaza sauti Bi Zuleha. "Unamjua! Mtaje!"

Winfrida aliiona ripoti, na sahihi yake chini. Aliuona mlango wa mahabusu. Pingili moja ya mnyororo wa pili ilikuwa ikifunguka taratibu mbele ya macho yake.

"Alikuwemo," alisema, na mngurumo ukaimeza sauti yake. Akapiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta, akapaza sauti zaidi. "Guta halikuwa tupu! Mimi ndiye niliyemwambia ashuke. Alikuwa dereva wangu, alikuwa anaitwa Eustakio!"

Mkanda ukafunguka.