Wajumbe wa Njaa

Tangazo muhimu kwa ndugu, jamaa na majirani wote: fundi cherehani amepona kisukari!

Aliyetangaza ni fundi mwenyewe. Alisimama juu ya stuli, mkono mmoja kifuani. Mkono wa pili ulishika biskuti, ya sita tangu chakula cha mchana.

Mkewe alikuwa pembeni akishona vifungo. Hakuinua hata kichwa.

"Shuka, baba watoto. Koti la bwana harusi umelishona bitana nje."

Fundi alilisogeza koti mpaka puani.

"Ni mtindo mpya."

"Mtindo wa nani? Wiki nzima nakutungia uzi kwenye sindano! Macho yanakuishia, na wewe unapanda stuli. Fundi asiyeona tutamweka wapi?"

"Nina dawa." Fundi alitoa kichupa mfukoni. "Mafuta ya bangi. Muuzaji amenieleza kisayansi kabisa. Mwili una mfumo wake wa bangi. Ukiuongezea, sukari kwisha."

"Na vidonge vya hospitali?"

Fundi alitafuna polepole.

"Vimepumzika."

Mkewe aliweka sindano chini. Alitoka, akarudi na muuguzi wa nyumba ya pili, sare bado mwilini, kandambili miguuni. Muuguzi alimtoboa fundi kidole, akasoma kipimo, akaguna.

"Shemeji, hii ni damu au sharubati?"

"Kwanza nijibu. Huo mfumo upo au haupo?"

"Upo."

"Umesikia, mama watoto?"

Mama watoto alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Upo, na kila mtu anao," muuguzi aliendelea. "Mwili hutengeneza kemikali zinazofanana kidogo na zile za bangi. Ni kama wajumbe. Wanauambia ubongo, 'Tafuta chakula.' Wanaliambia ini na mafuta ya mwili, 'Wekeni akiba.' Ukiwa na njaa, wanakufaa. Lakini wewe unakula vya mafuta na sukari, unakaa kutwa nzima, usingizi wako mfupi. Wajumbe hawanyamazi hata ukishiba. Unanenepa, na insulini, inayoingiza sukari kwenye seli, inalemewa."

"Kumbe si ulafi wangu!"

"Nusu ni wajumbe," alisema mkewe. "Nusu ni wewe. Nesi, si wazimwe tu?"

"Walijaribu, dada. Ilitengenezwa dawa ya kuwazuia. Watu walipungua uzito, lakini baadhi walipata huzuni kubwa, ikaondolewa. Wajumbe hao hao wanagusa furaha, maumivu na usingizi. Tunawatuliza, hatuwazimi. Shemeji, lala kwa muda wa saa saba au nane kila usiku. Tembea kila siku. Kula kwa wakati. Hicho kichupa hakijathibitishwa kutibu kisukari. Kesho asubuhi twende kliniki, daktari akurudishie vidonge na akupime macho."

Wiki ya kwanza fundi alinung'unika kila alipotembea. Ya pili alinung'unika huku akiongeza mwendo. Mkewe aliondoa biskuti mezani, akaweka karanga chache na maji. Taa ya chumba cha kushonea ilizimwa mapema.

Baada ya miezi mitatu sukari ilishuka. Fundi alitunga uzi mwenyewe, kwa jaribio moja tu, akauonyesha mtaa mzima.

Siku ya kliniki alisimama mbele ya mabenchi ya wagonjwa.

"Ndugu zangu! Mimi niliusikiliza mwili wangu, nikaja hapa kwa hiari yangu."

"Kwa hiari?" mkewe aliuliza kwa sauti. "Nilikuburuta kwa kola ya shati! Mpaka leo haina kifungo!"

Benchi zima lilicheka. Fundi alikaa. Akatazama vidole vyake.

"Sawa. Niliburutwa. Na vidonge sikuviacha kwa sababu ya sayansi. Baba yangu alianza na vidonge kama hivi, akaishia kipofu. Nikajidanganya kwamba nisipovimeza, basi mimi si mgonjwa. Niliogopa, mama watoto. Ndiyo hivyo tu."

Mkewe alikuwa na maneno kumi tayari mdomoni. Aliyameza yote, akamsogelea kwenye benchi.