Ukurasa wa Kuhusu Sisi

"Picha hiyo usiiweke, wifi. Maua yamesinyaa kama yamefiwa."

"Lakini bibi harusi kapendeza!"

"Bibi harusi si biashara yangu. Biashara yangu maua."

Mume akaangua kicheko. Mama Maua akageuka kumtazama haraka, kama mtu aliyesikia mlango wa nyumbani kwake ukifunguliwa.

Walikuwa watatu mbele ya kompyuta moja, sebuleni, katikati ya marundo ya vitambaa vya kufunika viti na vyungu vya kioo visivyo na maua. Mke katikati, mume kulia, na kushoto dada wa mume, aliyekuwa akiwatengenezea tovuti ya biashara yao ya kuandaa sherehe. Mke alipamba kumbi, ndiyo maana wateja walimwita Mama Maua ingawa hakuwa na mtoto. Mume alifunga taa. Yeye walimwita Mzee wa Taa.

Mzee wa Taa alikuwa amehama nyumbani tangu msimu wa mvua. "Napumzisha kichwa kwa rafiki yangu," ndivyo alivyoaga. Leo karudi kwa ajili ya kuchagua picha, na Mama Maua alikuwa amevaa gauni lake la kijani na kuchemsha chai mara mbili, maana ile ya kwanza ilipoa yeye akiwa dirishani.

"Na hii?" wifi akabofya.

"Eeh! Siku ile upinde wa maua ulipomwangukia mshereheshaji!"

"Na kipaza sauti hakukiachia!" mume akadakia. "Kichwa kimetokeza katikati ya waridi, bado anakaribisha wageni!"

"Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo tulivyopanga!"

Wakacheka mpaka mume akamshika mkewe bega asidondoke kwenye kiti. Kicheko kikaisha, mkono ukabaki palepale. Mama Maua hakuthubutu hata kujikuna. Amerudi huyu, akajisemea moyoni. Amerudi.

Wifi peke yake hakucheka.

"Haya, picha zimetosha," akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Umebaki ukurasa wa Kuhusu Sisi. Niandike nini?"

"Andika hivi," Mama Maua akasema kwa sauti iliyochangamka. "Sisi ni mume na mke. Mimi napamba, yeye anawasha..."

Mkono ukaondoka begani.

"Hiyo usiandike," mume akasema.

"Ipi?"

"Hiyo ya mume na mke."

"Kwani sisi nani? Mtu na jirani yake?"

Wifi akaifunika kompyuta nusu.

"Kaka, mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Nimechoka kunywa chai ya mwenzangu huku namficha."

"Mniambie nini?"

Mzee wa Taa akajifuta uso kwa kiganja. "Nafungua biashara yangu. Pamoja na mpika keki."

Mama Maua hakuuliza mpika keki yupi. Ni yeye aliyemtafutia wateja wa kwanza yule mwanamke mwenye vishimo mashavuni, aliyekuwa akimwita dada.

"Ni kazi tu?"

"Si kazi tu."

"Kwa hiyo leo ulifuata picha."

"Zile taa ni jasho langu. Nilitaka tugawane."

"Gawa." Akamsukumia kompyuta mapajani. "Gawa sasa hivi, nikuone. Nitafutie picha moja yenye taa zako bila maua yangu."

Mume akaanza kupitisha picha. Kila ukumbi, mwanga wake ulikuwa umelalia petali za mkewe. Akapitisha, akapitisha, kidole kikazidi kuwa kizito, mwisho akaacha.

"Rudi nyumbani," Mama Maua akasema, taratibu mno, mpaka wifi akageuza uso ukutani. "Sitakuuliza kitu. Keki sitaitaja mpaka naingia kaburini."

"Usijishushe hivyo."

"Nijishushe mpaka wapi ndiyo unione?"

"Nakuona, mke wangu. Sikiliza. Humu ndani tulinyamaziana mpaka kijiko kikianguka tunashtuka. Tukitoka kupamba furaha za watu, tukifika hapa hata salamu tunapeana kwa kichwa. Sisemi ni kosa lako. Tulifanya wote. Lakini kule nacheka."

"Na leo je? Leo hapa umecheka mpaka machozi! Dada yako shahidi!"

Mume akasimama, akapapasa mfuko kutafuta funguo. Alipofika mlangoni ndipo alipojibu.

"Leo nimecheka kwa sababu nilijua naondoka."

Wakasikia hatua zake zikishuka ngazi, kisha geti.

Wifi alikuwa analia. "Nisamehe. Nilidhani mkikaa pamoja, mkaitazama kazi yenu, labda moyo wake ungelegea."

"Basi tulidhani wote."

"Na ameniomba nimtengenezee tovuti yake pia."

Mama Maua akaanza kukusanya vikombe. Cha mume kilikuwa hakijaguswa.

"Mtengenezee. Yule kaka yako, mmetoka tumbo moja. Mimi ni wifi tu, na wifi huwa anaisha."

Talaka ilipita kimyakimya, bila hata jirani kuuliza. Siku moja, Mama Maua akiwa amesimama jikoni anakata mashina ya maua, ujumbe ukaingia kwenye simu:

"Picha zote chukua wewe. Mimi nitaanza na mpya. Tunaoana Jumamosi, zitatoka za kutosha."

Akausoma. Akaifuta mikono kwenye gauni, akausoma tena. Alitafuta tusi, akalikosa. Vidole vikaandika vyenyewe:

"Keki msiiweke chini ya taa. Itayeyuka."

Jibu likaja palepale: "Asante."

Akaketi sakafuni, katikati ya majani aliyoyakata, akalia kilio ambacho hakukilia siku ile mume alipoondoka. Alilia kwa sababu ya ile asante. Ilikuwa ya mtu na fundi wake.

Tovuti ikafunguliwa. Wifi aliubadilisha ule ukurasa, akauandika Kuhusu Mimi, akaweka picha ya Mama Maua peke yake, anatabasamu. Siku zikapita, simu kimya. Halafu ikalia.

"Haloo, naongea na Mama Maua?" Sauti ya msichana, furaha inamwagika. "Nimeona tovuti yako! Ule ukumbi wa maua meupe, mwanga unateremka kama manyunyu. Nataka hivyohivyo. Usibadilishe hata kitu!"

"Maua nitakufanyia, mwanangu. Tena mazuri kuliko yale."

"Na taa?"

Mama Maua akafumba macho. Alishajaribu mafundi wengine. Mmoja aliwasha taa za buluu, waridi zake zikaonekana kama zimelazwa wodini.

"Taa zile zina mtu wake. Nitakupa namba."

Akaitaja yote bila kuitafuta.

"Mnaelewana lakini? Isije siku ya harusi yangu mkaanza kugombana."

"Hatugombani. Yeye atangulie kufunga asubuhi. Akimaliza aondoke, ndipo nije mimi."

"Si bora mfanye pamoja? Ingependeza zaidi."

"Tulishafanya pamoja, mwanangu." Akasafisha koo, akaitafuta sauti yake ya kazini mpaka akaipata. "Haya, niambie. Bwana harusi anapenda rangi gani?"