Kata Isiyokataliwa

Asubuhi za mwezi wa sita, ukungu wa kijiji cha Nanyala hushuka hadi barabara kuu, na malori yaendayo Tunduma hupita yamewasha taa kana kwamba jua halijaumbwa. Tabita alikwisha kufagia ua na kuwapa kuku maji aliposhika njia ya shuleni pamoja na Tusekile, jirani na rafiki yake tangu utotoni. Wote wawili walikuwa darasa la sita, nao walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya shule za jirani, yenye maswali ya kupima hoja.

Jumatatu hiyo Mwalimu Barnaba aliandika ubaoni: "Madereva wote wa malori wamevaa makoti. Mtu yule amevaa koti. Kwa hiyo yule ni dereva wa lori. Onesha kosa."

Tabita aliinua mkono kabla chaki haijawekwa chini. "Mwalimu, kwa baridi hii kila mtu amevaa koti. Hata wewe umevaa, na chombo chako ni baiskeli isiyo na breki."

Darasa likacheka, na mwalimu naye akatabasamu. "Umelenga. Jambo lililo la watu wote haliwezi kumtambulisha mmoja. Kila mpewapo hoja, ulizeni: na wengine je?"

Tabita akajiona bingwa. Hakujua bado kwamba tundu la hoja huonekana upesi katika maneno ya mwingine, na kwa taabu katika maneno ya mtu mwenyewe.

Jumamosi iliyotangulia, majirani walikuwa wamekwenda kumsaidia Mzee Luka, mwenyekiti wa kitongoji, kuchuma kahawa. Kama ilivyo desturi, Bibi Jenista, aliyemlea Tusekile, aliwapikia wachumaji togwa, kinywaji kitamu cha kimea, akampitishia kila mmoja kata, kile kikombe cha kibuyu chenye mpini. Kata hiyo haikataliwi. Aikataaye huwa amemwambia mpishi mbele ya watu kwamba anahofia kutiliwa sumu, na kwa wazee hakuna tusi lipitalo hilo.

Sasa watoto watatu hawakuonekana shuleni, Jastin wa darasa lao akiwa mmojawapo. Wakati wa mapumziko, pale bombani, habari zikaja kwamba wanaharisha.

"Wote wanaoumwa walikunywa togwa ya Bibi Jenista," alisema Tabita.

"Una hakika?" aliuliza mmoja wa wenzake.

"Nilikuwapo. Niliwaona kwa macho yangu."

Kila neno lilikuwa la kweli, na kwa sababu hiyo lilikwenda mbali. Lilipofika majumbani lilikuwa limeota pembe: kwamba togwa ilitiwa kitu, kwamba yule bibi ana kijicho na watoto wa watu.

Jumamosi iliyofuata uchumaji ulikuwa kwa akina Tabita. Bibi Jenista akaja na kibuyu chake. Kata ikazunguka, huyu akasema amefunga, yule akasema ameshiba, na mama yake Tabita akageuza uso kuitazama mikahawa. Bibi alikiziba kibuyu kwa gunzi, akakaa. Mzee Luka akatangaza, kwa sauti ya chini, kwamba kesho baada ya ibada kitongoji kitakutana, na Bibi Jenista ataambiwa asipike tena katika shughuli za watu.

Tusekile alimfuata Tabita kati ya mistari ya mikahawa. Macho yake yalikuwa makavu.

"Siku ile wewe ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Tumbo lilikuuma?"

Tabita akatikisa kichwa.

"Na mama yako? Na Mzee Luka?"

"Hawakuumwa."

"Basi umemvika bibi yangu koti," alisema Tusekile, "ukamwita dereva."

Neno hilo lilimchoma Tabita kuliko kofi. Aliomba ruhusa kwa mama yake, akaenda moja kwa moja kwa Jastin, aliyekwisha kupata nafuu.

"Pole, Jastin. Siku ile mlifanya nini ambacho sisi wengine hatukufanya?"

"Tulitumwa kuosha kahawa. Kiu ikatushika, tukanywa maji ya mfereji uleule wa kuoshea."

"Ninyi watatu?"

"Sisi watatu. Brayan tulikuwa naye, akakataa. Akatuita ng'ombe."

"Naye aliumwa?"

"Yule? Yuko uwanjani, anacheza mpira wangu."

Tabita akakimbilia kwa Mwalimu Barnaba, akamsihi aende kuwaeleza wazee. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. "Nitakuwapo," alisema, "lakini sitasema. Waliosikia kinywa chako wana haki ya kusikia kinywa hichohicho."

Kesho yake, katika ua wa kanisa, Tabita alisimama mbele ya watu.

"Shikamooni, wazazi. Neno la togwa lilitoka kwangu." Mama yake akainamisha kichwa. "Naomba aliyekuwa kwa Mzee Luka siku ile, na hakunywa, ainue mkono."

Hakuna mkono ulioinuka.

"Basi wagonjwa walikunywa, na wazima walikunywa. Waliougua ni wale waliokunywa maji ya mfereji. Kuhusu mfereji sina hakika. Naomba wenye ujuzi wapime. Ila kuhusu Bibi nilikosa. Bibi, nisamehe."

Grace, muuguzi wa zahanati, akasema atapeleka maji yapimwe, na hadi hapo pasiwe na atakayeyanywa bila kuyachemsha. Majuma machache baadaye ilibainika kwamba yalikuwa machafu. Lakini siku hiyo Mzee Luka hakusubiri vipimo. Alivua kofia, akasema, "Bibi Jenista, shauri letu limekufa. Tuwie radhi."

Bibi Jenista alikuwa amekuja na kibuyu, maana hakujua njia nyingine ya kuingia kwa watu. Alitoa gunzi, akamimina, akampa Tabita. Tabita akanywa, akaipeleka kata kwa mama yake, naye akaipokea kwa mikono miwili.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi, "hukusema uongo. Ulisema kweli, ukaiacha nusu yake nyumbani, na kweli iliyokatwa nusu hujeruhi kama uongo. Jicho la kuona kosa la mwenzio umepewa na mwalimu. La kuona kosa lako umelifungua leo mwenyewe. Usilifumbe. Na kabla hujasema 'wote', watazame kwanza waliobaki."

Kata ikaendelea kuzunguka, wala hapakuwa na aliyesema amefunga.