Uvimbe Uliokuwa Ukidunda

Msichana aitwaye Sikujua alikuwa na uvimbe mkononi, juu ya kiwiko. Alizaliwa nao ukiwa mdogo kama punje ya mahindi. Mwaka 1998, alipofika miaka saba, ulikuwa mkubwa kama limau. Kila mama yake, Mageni, alipomwogesha, aliugusa. Ulikuwa wa moto, na ulidunda.

"Kwa nini udunde kama moyo?" aliuliza.

"Unauliza mno," alisema mumewe, Masalu. "Kesho mganga anakuja na wembe. Ataupasua, yaishe."

Mageni hakutulia. Alikwenda kumwita jirani yao Eufrasia, muuguzi wa zahanati pale Kharumwa. Eufrasia aliweka vidole juu ya uvimbe, kisha akamgeukia Masalu.

"Baba Sikujua, wembe usiguse hapa! Damu inapita kwa nguvu. Mtoto atakufia mikononi."

"Umejuaje?"

Eufrasia aliomba yai moja la kuku aliyekuwa akiatamia. Wakaingia stoo, wakafunga mlango. Akawasha tochi nyuma ya yai. Mageni alishika mdomo. Ndani mlikuwa na nyuzi nyekundu, zimetawanyika kama mizizi.

"Hiyo ni mishipa ya kifaranga," alisema Eufrasia. "Hata mtoto tumboni huanza hivyo. Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, nazo hupeana ishara. Nyingine huambiwa ziwe ateri, zitoe damu kwenye moyo. Nyingine ziwe vena, ziirudishe. Zikigusana hutambuana, kila kundi likakaa upande wake. Katikati huwa na vimishipa vyembamba vinavyopunguza kasi ya damu."

"Na kwa mwanangu?"

"Ishara zilichanganyika kabla hajazaliwa. Ateri imeingia moja kwa moja kwenye vena. Ndiyo maana panadunda."

"Kwa hiyo nani alimroga?" aliuliza Masalu.

"Hakuna. Wala mama yake hakukosea kitu."

Mageni alishusha pumzi. Miaka yote hiyo alikuwa akijilaumu kimyakimya. Masalu akachukua baiskeli, akaenda kumwambia mganga asije.

Walimpeleka Sikujua hospitali ya rufaa, Mwanza. Madaktari waliifunga ile mishipa, kisha wakautoa uvimbe. Kidonda kilipopona, Sikujua alivaa gauni la mikono mifupi kwa mara ya kwanza.

Siku ya kuruhusiwa, Mageni alimgeukia daktari. "Na hizo chembe, nani alizifundisha kuambiana?"

Daktari alicheka, akamvutia kiti.

"Mama Sikujua, hilo hata sisi bado tunalitafuta. Kaa, nikueleze tulipofikia."