Barua ya Kiswahili

Koti la Zadock liliingia bomani siku ya Krismasi ya mwaka 1996, saa ya watu kunawa mikono, lakini aliyelivaa hakuwa Zadock.

Cate alikuwa ameinama akipakua ugali. Alichokiona kwanza ni kile kiraka cha buluu kwenye kiwiko, kiraka alichokishona mwenyewe kabla mumewe hajavuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu Tanzania. Mwiko ukamponyoka. Kisha akauona uso. Mwanamume mgeni, mrefu, aliyetazama chini kana kwamba ameangusha kitu njiani.

"Hodi hapa."

"Karibu. Hilo koti umelitoa wapi?"

Mgeni alijibu kwa Kiswahili, maana Kijaluo hakukijua. Aliitwa Gisiri, Mkuria wa Kehancha, na alichimba shimo moja na Zadock. Akaishia hapo, kama mtu aliyefika mtoni akakosa kivuko.

Phelesia, mama mkwe wa Cate, hakumpa nafasi ya kuendelea. Alimkalisha kwenye kiti cha mwanawe na kumwekea paja la kuku.

"Kula kwanza, nyathina," alisema. Kwa Kijaluo hilo ni neno la kumwita mtoto wako. "Halafu uniambie Zadock anakuja lini."

Gisiri alilitazama lile paja. Akaitazama na sahani ya pembeni, iliyofunikwa kwa sahani nyingine, ambayo Phelesia alimwekea mwanawe kila sikukuu.

"Pasaka, mama. Alisema Pasaka."

Phelesia akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Cate peke yake ndiye aliyeona kwamba mgeni hakuigusa ile nyama.

Alasiri hiyo, akiosha vyombo, Cate alisikia viatu vikikung'utwa udongo mlangoni. Mara tatu, taratibu, kama alivyozoea kufanya mumewe. Akatoka mbio na mikono yenye povu. Mlangoni palikuwa pakavu, na hakukuwa na mtu.

Pasaka ikafika, Zadock hakufika. Alifika Gisiri na kilo mbili za sukari. Sasa alikuwa amepata kazi Awendo ya kupakia miwa kwenye malori, kazi isiyompa ruhusa ila siku za sikukuu. Akasema mwenye shimo amemnyima Zadock likizo. Phelesia alikuwa amesiriba nyumba nzima kwa ajili ya mwanawe. Akaifunika sahani.

Gisiri alikaa hadi Jumatatu akirekebisha paa la jikoni. Alimtania Cate kwamba Wajaluo kama wangeweza wangetia samaki hata kwenye chai. Cate akamjibu kwamba Wakuria hata wakiota huota wanahesabu ng'ombe. Cate mwenyewe akacheka, na hapo hapo vile viatu vikakung'utwa tena mlangoni. Kicheko kikamkauka. Aligeuka akamwona Gisiri naye anatazama mlango uleule, uso umempauka, lakini hakuna aliyemuuliza mwenzake amesikia nini.

Alikuja Sikukuu ya Madaraka, mwezi wa sita, akaja Agosti mahindi yalipovunwa, kiwanda cha sukari kikiwa kimefungwa kwa siku chache. Kila mara alikuja na ahadi mpya, na kila mara alimwita Cate "shemeji" kwa adabu kubwa. Cate akaanza kuzingoja sikukuu, na aibu ikamla, maana aliyekuwa akimngoja si yule aliyewekewa sahani.

Sikukuu ya Kenyatta, mwezi wa kumi, Gisiri alikuja na barua. Phelesia hakujua kusoma. Aliwaita akina mama wa jirani, wakaketi kwenye mikeka, akampa Cate bahasha. Cate akaifungua.

"Mpendwa mama, natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya kama nilivyo huku. Kazi ni nyingi. Nitakuja Krismasi bila kukosa. Msalimie Cate, umwambie asilime peke yake shamba la bondeni. Ni mimi mwanao, Zadock."

Macho yake yaliganda kwenye neno la kwanza. Zadock hakuwahi kumwandikia mama yake kwa Kiswahili. Hata mara moja. Alikuwa akisema mama hasalimiwi kwa lugha ya baraza la chifu.

Akina mama walikuwa wanangoja. Cate akaisoma barua kwa sauti, akiigeuza Kijaluo neno kwa neno, na sauti yake haikutetemeka. Phelesia alilia kwa furaha. Cate alihisi kana kwamba yeye ndiye anayeshika koleo na kumfukia mumewe.

Alimkuta Gisiri nyuma ya ghala la mahindi.

"Nani ameandika hii?"

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji. Nimekuuliza."

"Mimi."

"Mume wangu yuko wapi, Gisiri?"

Alimweleza yote akiwa amesimama. Ilikuwa Novemba, Alhamisi asubuhi. Zadock aliliacha koti juu kwa sababu ya joto, akashuka, shimo likaporomoka. Walichimba siku tatu. Siku ya nne mwenye shimo akaamuru lifukiwe.

"Nilikuja kusema," alimalizia. "Mama akaniwekea paja la kuku."

"Miezi kumi, Gisiri. Kwa paja la kuku."

"Mwanzo lilikuwa paja la kuku. Baadaye ilikuwa wewe. Nikisema, sitakuwa na sababu ya kurudi hapa."

Cate aliketi juu ya magunia. Hakulia, maana angelia mama angesikia. Gisiri akasema ataingia ndani sasa hivi amwambie. Cate akamshika mkono wa shati.

"Si leo. Umempa uongo kila sikukuu. Ukweli mletee siku ya kawaida. Usimfanye aogope sikukuu maisha yake yote."

"Nikikosa kazini siku moja wanamwandika mtu mwingine."

"Basi chagua."

Gisiri aligeuza uso kuelekea nyumba. Kutoka ndani walisikia akina mama wakiimba.

"Jumanne ijayo," alisema. "Lakini watanifukuza kama mbwa."

"Nitakusindikiza mpaka barabarani. Hakuna mgeni anayetoka boma hili peke yake."

"Hata ukishakuwa mjane?"

Cate akaelewa. Leo alikuwa mke wa mtu, anatoka na kuingia apendavyo. Gisiri akifungua mdomo tu atakuwa mjane, na mjane havuki lango kabla ya mazishi, sembuse kuandamana na mwanamume wa kabila lingine.

"Nimesema nitakusindikiza."

Jumanne mvua ile ya El Nino ilikuwa imegeuza njia kuwa mito. Gisiri alifika saa nne, amelowa chapachapa. Alinong'ona kwamba msimamizi ameshamweka mtu mwingine mahali pake. Phelesia alikuwa akipukuchua mahindi. Aliinua uso akitabasamu.

"Gisiri, leo kuna sikukuu gani?"

"Hakuna, mama. Leo ni Jumanne."

Mikono ya Phelesia ikasimama. Tabasamu likamtoka kidogo kidogo.

"Sema."

"Zadock alikufa, mama. Shimo lilimwangukia mwaka jana, Novemba. Nilikudanganya. Hata barua niliandika mimi."

Punje chache zilidondoka sakafuni. Phelesia aliuliza kwa sauti ndogo:

"Alikuwa amekula, kabla hajashuka?"

"Alikunywa uji."

"Ulikuwa na sukari?"

"Ulikuwa na sukari, mama."

Phelesia akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatoa nduru ya msiba, na boma likajaa watu. Odhiambo, mdogo wake Zadock, alitoka shambani na jembe mkononi. Wazee walisema litafutwe tunda la yago, lile refu ambalo Wajaluo hulizika mahali pa mwili usiopatikana. Odhiambo hakuwasikiliza. Alimwambia Gisiri atoke kabla hawajasahau kwamba ni mgeni.

Gisiri akainuka. Watu wakampisha kama anayenuka. Cate alifuta mikono kwenye leso, akamfuata.

"Unakwenda wapi?" Odhiambo aliuliza.

"Namsindikiza mgeni."

"Cate, wewe sasa ni mjane. Ukivuka hilo lango na huyu, usidhani utaingia tena kama ulivyotoka."

Cate alimtazama mama mkwe wake. Phelesia alikuwa ameinamia sakafu, hakumzuia wala hakumruhusu.

Akavuka.

Walitembea kwenye mvua bila kugusana, mmoja upande huu wa njia, mwingine upande ule, maana msiba ni msiba. Nyuma yao nduru zilizidi. Walipofika kwenye kisima Gisiri alisimama.

"Rudi, Cate. Inatosha." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lake.

"Bado. Nilisema barabarani."

Wakaendelea, matope yakiwavua viatu, mpaka wakasimama kwenye barabara ya murramu. Lori la miwa lilikuwa linakuja polepole na taa zimewashwa. Gisiri akalipungia mkono.

"Nitakuona tena?"

"Matanga yakiisha, njoo umwombe mama radhi. Yetu tutayazungumza baada ya hapo."

Alipanda. Cate alisimama pale hadi lori lilipopinda kona, kisha akageuka na kurudi alikotoka. Odhiambo alikuwa amelifunga lango, amesimama upande wa ndani, anamngoja.